John Gould, Mtu wa Ndege

1. Kijana wa Bustanini

Katika nchi ya Uingereza, upande wa kusini, uko mji mdogo wa pwani uitwao Lyme Regis. Huko ndiko alikozaliwa John Gould, tarehe 14 Septemba mwaka wa 1804. Baba yake hakuwa tajiri wala mtu mwenye cheo. Alikuwa mtunza bustani, akiishi kwa kazi ya mikono yake. John alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne, baba yake alipata kazi katika bustani za mfalme huko Windsor, na mtoto naye akawekwa hapo hapo ajifunze kazi ya babaye.

Kwa hiyo Gould hakupata elimu kubwa ya shule, wala hakuingia chuo kikuu kama wengi wa wataalamu wa siku zake. Lakini bustani ilikuwa shule yake. Huko alijua majina ya mimea, na huko aliwazoea ndege: mahali wanapojenga, chakula wanachopenda, na wakati wanapohama. Tena alijifunza kazi nyingine, nayo ni kumchuna ndege aliyekufa, kuikausha ngozi yake, kuijaza, na kumsimamisha tena katika umbo alilokuwa nalo alipokuwa hai. Karibu na Windsor ipo shule ya Eton, wanakosoma watoto wa wakubwa. Wanafunzi hao walinunua ndege wa Gould, naye akaona kwamba kazi aipendayo yaweza pia kumpatia riziki.

Mwaka wa 1824 alikwenda London, akafungua duka lake. Mikono yake ilikuwa hodari, na sifa yake ikaenea upesi. Mwaka wa 1827 Chama cha Elimu ya Wanyama cha London kilimchagua awe mtunzaji wa jumba lake la makumbusho. Miaka miwili baadaye alikufa twiga wa Mfalme George wa Nne, na Gould akawa mmoja wa waliopewa kazi ya kumkausha. Twiga huyo alikuwa zawadi ya Muhammad Ali, mtawala wa Misri, naye alikuwa ametolewa mbali, katika nchi ya Sudani. Hakuishi Uingereza ila miaka miwili tu. Gould alimpokea akiwa ngozi na mifupa. Na hivyo ndivyo alivyowapokea karibu viumbe vyote vya mbali vilivyompa jina duniani.

2. Mkono wa Elizabeth

Mwaka huo huo wa 1829 Gould alimwoa Elizabeth Coxen. Walikuwa wa umri mmoja. Elizabeth alikuwa amefanya kazi ya kufundisha watoto nyumbani kwa watu, naye alijua sana kuchora.

Mwaka wa 1830 ngozi za ndege kutoka milima ya Himalaya, huko Bara Hindi, zilifika London. Wengi wa ndege hao walikuwa hawajaonekana bado katika Ulaya. Gould aliazimu kutoa kitabu cha picha zao. Lakini yeye mwenyewe hakuwa mchoraji hodari. Aliweza tu kuonyesha kwa mistari michache jinsi ndege alivyokaa na jinsi alivyogeuza kichwa. Inasemekana kwamba mke wake alipouliza ni nani atakayezichora picha hizo juu ya mawe, Gould alimjibu kuwa mchoraji ni yeye, wala si mwingine.

Siku zile picha za vitabu vya namna hiyo zilifanyizwa hivi. Mchoraji alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe lililosuguliwa likawa laini. Jiwe lilitiwa maji, kisha likapakwa wino. Mahali penye maji palikataa wino, na mahali penye mafuta palishika. Ndipo karatasi ilipogandamizwa juu ya jiwe ikaipokea picha. Baada ya hayo kila karatasi ilitiwa rangi kwa mkono, moja moja, na watu waliokuwa na kazi hiyo tu. Elizabeth alikuwa hajapata kuchora juu ya jiwe; alijifunza, akaweza. Kwa kuwa hakupatikana mtu wa kukipiga chapa kitabu kwa fedha zake, Gould alikitoa mwenyewe. Watu waliotaka kukinunua waliandikisha majina yao, wakaletewa sehemu baada ya sehemu, wakalipa. Kitabu hicho kilipendwa sana, naye akaifuata njia hiyo maisha yake yote.

Jicho la Gould lilikuwa kali kuliko elimu yake. Mwaka wa 1837 Charles Darwin, aliyekuwa amerudi kutoka safari ya kuizunguka dunia, alimpa ndege aliowaokota katika visiwa vya Galapagos. Darwin alidhani kuwa ni ndege wa jamii mbalimbali. Gould aliwatazama kwa siku chache tu, akatambua kwamba wote ni ndugu, ingawa midomo yao haikulingana. Jambo hilo lilimsaidia sana Darwin alipofikiri jinsi viumbe vinavyobadilika.

Mwaka wa 1838 Gould na mkewe walisafiri kwa merikebu mpaka Australia, wakamchukua mtoto wao mkubwa, na kuwaacha wadogo watatu kwa bibi yao. Walikaa huko hata mwaka wa 1840. Mume alizunguka msituni na nyikani akikusanya ndege. Mke alichora, na huko akazaa mtoto mwingine. Walirudi Uingereza, lakini furaha yao haikudumu. Tarehe 15 Agosti 1841, siku chache baada ya kumzaa mtoto wake wa nane, Elizabeth alikufa kwa homa ya uzazi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba. Kwa muda wa miaka kumi na mmoja alikuwa amefanya picha zaidi ya mia sita.

Watu waliovisifu vitabu vile walilitaja jina la Gould, na wengi hawakujua kuwa mkono uliochora ulikuwa wa mkewe. Hata hivyo jina lake halikupotea kabisa. Ndege mmoja mdogo wa Australia, mwenye rangi nyingi, alipewa na Gould jina la Elizabeth. Na chozi mmoja wa milima ya Himalaya huitwa kwa jina lake hata leo.

3. Ndege Wasimamao Hewani

Palikuwa na jamii moja ya ndege ambao Gould aliwapenda kupita wote, nao ni kolibri. Ndege hao wako katika bara la Amerika peke yake, na aina zao zinazojulikana sasa ni zaidi ya 350. Mtu wa Afrika ya Mashariki, aliyezoea kumwona chozi akinyonya maua ya mgomba, aweza kuiwaza sura ya kolibri. Lakini ndege hao wawili si wa nasaba moja. Chozi kwa kawaida hutua juu ya tawi anaponyonya. Kolibri husimama hewani mbele ya ua, na mabawa yake hupiga upesi hata jicho haliwezi kuyahesabu, yakitoa mvumo kama wa nyuki. Akimaliza, hurudi nyuma angani bila kugeuka.

Rangi zake nazo ni za ajabu. Si kama rangi ya kitambaa kilichotiwa ndani ya dawa. Ndani ya unyoya wake mna tabaka nyembamba sana, zisizoonekana kwa macho, zenye hewa katikati, nazo huurudisha mwanga wa jua. Ndege akikaa upande huu, koo lake ni jeusi. Akigeuka kidogo, koo hilo hilo huwaka kama kaa la moto. Kwa sababu hiyo walio wazuri kuliko wengine wengi ni wale wa misitu yenye ukungu ya milima ya Andes, ambako jua hupenya kwa muda mfupi kati ya mawingu na majani yaliyolowa.

Huko London alikuwako mtu mmoja, jina lake George Loddiges, aliyefanya biashara ya maua na miche ya nchi za mbali. Naye alikuwa akikusanya ngozi za kolibri. Gould alipoziona alitamani kuwa na nyingi kuliko hizo. Mmoja wa ndege wa Loddiges alikuwa ametoka Peru, mwenye mkia wa manyoya manne tu, na mawili yake ni marefu membamba kama uzi, yenye duara ya rangi ya buluu mwishoni. Kwa miaka mingi huyo alikuwa peke yake. Hakupatikana wa pili katika Ulaya yote, ijapokuwa Gould aliahidi fedha kwa yeyote atakayemletea.

Loddiges alikufa mwaka wa 1846. Mwaka wa 1849 Gould alianza kutoa kitabu kikubwa cha kolibri wote waliojulikana. Sasa picha zilichorwa na Henry Richter, aliyeshika kazi baada ya Elizabeth. Shida kubwa ilikuwa ule mng'ao, kwa maana rangi ya kawaida juu ya karatasi haing'ai. Basi mahali penye manyoya ya kuwaka walibandika karatasi nyembamba mno ya dhahabu, kisha wakapaka juu yake rangi za kupenya mwanga, na vanishi. Karatasi ikigeuzwa, koo la ndege huwaka, karibu kama lilivyo.

Lakini kabla ya jiwe na dhahabu ilikuwako kazi nyingine ambayo wasomaji hawakuiona. Watu walipanda milima ya Andes katika mvua na matope, wakawawinda ndege hao, wakawachuna na kuwakausha kabla hawajaoza. Ngozi zikashushwa pwani, zikapakiwa merikebuni. Wengi wa wawindaji hao walikuwa wenyeji wa nchi, na majina yao hayakuandikwa popote. Wengine walikufa katika kazi ya kukusanya. John Gilbert, aliyefuatana na Gould kwenda Australia na kumtumikia huko, aliuawa kwa mkuki mwaka wa 1845 akiwa safarini kaskazini ya nchi hiyo. Tena si wataalamu tu waliozitaka ngozi za kolibri. Wanawake wa Ulaya walipamba kofia zao kwa ndege wazimawazima, na ngozi ziliuzwa London kwa maelfu.

4. Maonyesho ya Mwaka wa 1851

Mwaka wa 1851 yalifanyika London maonyesho makubwa ya kazi za mataifa yote, na watu walimiminika mjini kutoka kila upande. Gould aliona kuwa wakati wake umefika. Alijenga kwa gharama yake nyumba katika bustani ya wanyama, akapanga humo kolibri wake katika makabati ya vioo, wakitundikwa kama warukao kati ya maua na majani. Mwanga uliingizwa kwa uangalifu ili kila rangi ionekane.

Kiingilio kilikuwa peni sita, juu ya kile cha bustani. Waliokuja kuwatazama walikuwa watu wapatao 75,000, na Malkia Victoria mwenyewe alikuwa mmoja wao. Walitoka wakistaajabu, na majina mengi mapya yakaongezwa katika orodha ya wanunuzi wa kitabu. Mtoto wa mtunza bustani alikuwa sasa mtu wa kutafutwa na wafalme.

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja ambalo wageni wale labda hawakulifikiri. Mwenye nyumba ile, aliyewajua kolibri kuliko mtu yeyote wa Ulaya, alikuwa hajamwona hata mmoja aliye hai. Aliyajua manyoya yao moja moja, aliupima urefu wa kila mdomo, aliwapa majina. Lakini mvumo wa mabawa yao alikuwa hajausikia.

5. Siku ya Bustani ya Bartram

Katika majira ya kuchipua ya mwaka wa 1857, Gould alivuka bahari kwenda Marekani pamoja na mwanawe Charles. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Tarehe 21 Mei, karibu na mji wa Philadelphia, aliingia katika bustani ya kale iliyoanzishwa na John Bartram. Pale, penye maua, alimwona kolibri wa kwanza aliye hai. Alikuwa mwenye koo jekundu, aina iliyo ya kawaida upande ule wa Marekani, ndege mwenye uzito wa gramu tatu hivi. Baada ya siku hiyo aliona wengi, na huko Washington aliwakuta katika bustani za jumba la baraza kuu.

Alichokiona kilimfundisha kwamba alikuwa amekosea. Kutokana na umbo la mabawa alidhani kuwa kolibri huruka kwa namna fulani. Sasa aliona kuwa harakati zao ni tofauti kabisa na alivyowaza. Mambo hayo hayakuwa yameandikwa katika ngozi.

Ndipo akaingiwa na tamaa ya kuwachukua wakiwa hai mpaka Uingereza. Aliwatia katika tundu dogo lililofunikwa kitambaa chepesi, akawanywesha maji ya sukari katika kichupa. Walimzoea upesi. Alisafiri nao kwa gari la moshi na kwa meli, nao wakanywa kana kwamba hakuna lililobadilika. Lakini meli ilipoukaribia upande wa Ulaya, walianza kulegea. Mmoja alifika mpaka nyumbani kwa Gould katika mji wa London, na siku ya pili akafa.

Siku hizi watu wanajua sababu ambazo Gould hakuzijua vema. Kolibri hutumia nguvu nyingi hata huwa karibu na njaa siku zote. Hula mara nyingi kwa kila saa, wala maji ya sukari peke yake hayamtoshi, kwa maana hula pia wadudu wadogo. Usiku wa baridi hupoza mwili wake na kulala kama aliyekufa, ili akiba yake isiishe kabla ya asubuhi. Ndege mwenye kuhesabu maisha yake hivyo hana nafasi ya kuvumilia safari ndefu ya bahari.

6. Kolibri wa Mbinguni

Mwaka wa 1861 kitabu kilikamilika, katika majuzuu matano yenye picha 360. Mwaka huo huo Gould alimpa jina kolibri mmoja wa misitu yenye mvua, upande wa magharibi wa milima ya Andes, katika nchi za Kolombia na Ekuador. Alimwita kwa Kilatini coelestis, maana yake wa mbinguni. Dume lake ana utosi wa kijani umetao na mkia mrefu wa zambarau unaogeuka kuwa buluu, na mkia huo ni mrefu kuliko mwili wake. Jike ana mkia mfupi, na tumbo lake ni la rangi ya hudhurungi.

Gould alimjua kwa ngozi tu. Hakuweza kumwona akipita chini ya miti iliyovaa kuvumwani, mkia ukimfuata kama utepe. Hakuona kiota chake, ambacho hujengwa kwa kuvumwani, kikafunikwa juu kama kibanda, na mlango wake ukawa ubavuni. Hakumwona akitoboa ubavu wa ua refu ili apate utamu wake asipoweza kuufikia kwa mdomo. Amerika ya Kusini, nchi ya ndege aliowapenda kupita wote, hakuikanyaga kamwe.

Aliendelea na kazi hata uzeeni, ingawa ugonjwa ulimlaza kitandani kwa muda mrefu. Jumla ya picha zilizotolewa kwa jina lake zilikaribia 3,000. Alikufa London tarehe 3 Februari 1881. Sifa aliyoitaka iandikwe kaburini mwake haikuwa ya cheo wala ya mali, ila kwamba alikuwa mtu wa ndege. Jumba la Makumbusho la Uingereza lilinunua ndege wake, na kati yao kolibri walikuwa zaidi ya elfu tano.

Ngozi hizo zina faida hata sasa, kwa maana kwa hizo wataalamu hulinganisha aina na aina, na vitabu vya Gould huhifadhiwa kama mali ya thamani. Lakini vitabu hivyo havikuwa kazi ya mtu mmoja. Ndani yake imo kazi ya Elizabeth, ya Richter, ya watia rangi, na ya wawindaji wasiotajwa. Gould ndiye aliyewakusanya na kuwaongoza. Na kolibri wa mbinguni angali yupo msituni. Watu hupanda milima ya Ekuador, wakasimama kimya katika ukungu, ili wauone kwa muda mfupi mkia ule wa zambarau, na wausikie mvumo ambao Gould aliusikia kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, katika bustani ya Bartram.